Pembe ya Kushoto

Picha ilifika saa nne, mvua ikipiga mabati
kama ilivyo Tukuyu, haiulizi msimu.
Kilobaiti thelathini na moja.
Ilikuwa imepita simu sita kabla ya yangu,
na kila simu iliila kidogo,
kama panya anavyoanza na ukingo wa gunia.

"Ni ng'ombe," alisema Tusekile,
maana aliniona nasita.
"Tunamtaka kwenye pakiti za mtindi,
na huyohuyo tunamtaka ukutani, upande wa barabara,
dereva wa lori la Kasumulu amwone toka kwenye kona."
Kidole gumba na ukuta.
Ng'ombe mmoja.

Nikamvuta akue. Akavunjika vigae.
Ukisogea karibu, picha haina ng'ombe:
ina miraba, wa kahawia, wa kijivu,
wa kahawia iliyochoka,
kila mraba unajua rangi yake basi,
jirani haumjui.
Uulize mmoja: wewe ni sikio, au ni ukungu?
Haujui. Hakuna aliyeuambia.

Kwa hiyo kazi yangu ni hii.
Natia nukta hapa, penye kidevu,
natia nyingine kule, shingo inapoanza kuteremka
kama njia ya Mwakaleli,
na katikati siweki kitu.
Kila nukta ina mikono miwili; naishika, naivuta,
mstari unapinda wenyewe.
Mstari hautunzi punje. Unatunza mwendo:
ulitoka wapi, ulielekea wapi, kwa haraka gani.
Ukiutaka uenee kwenye kifuniko cha chupa, utaenea.
Ukiutaka uuzunguke mlima Rungwe, utauzunguka
bila kukwaruza.

Programu ina kitufe cha kuyafanya yote haya peke yake.
Nilikibonyeza, nakiri, umeme ulikuwa unacheza.
Kikanipa nukta elfu nne na mia mbili
na ng'ombe mwenye upele:
hakikujua kipi uchafu, kipi nywele.
Nikafuta. Nikaanza kwa mkono.
Chai ikapoa, ikaota utando.

Saa kumi alirudi, mwavuli unachuruzika.
Nukta themanini na tisa, nikamwambia, kwa majivuno.
Ng'ombe msafi,
pembe mbili sawasawa kama mabano.
Alimtazama muda mrefu.
"Nani huyu?"

Kisha akasema, si kwangu hasa, kwa kioo:
mchoro ulikuwa wa dada yake, Atuganile,
kwa mkaa, kwenye mlango wa banda,
mwaka walioanza na lita kumi na moja.
Mlango ulioza.
Atuganile yuko nyumbani, nyuma ya migomba,
tangu Aprili ya mwaka juzi.
"Pembe ya kushoto ilikwenda chini.
Aliguswa kiwiko wakati anachora."
Akakunja mwavuli, akaukunjua, akaukunja.
"Mimi ndiye niliyemgusa."

Nikarudi kwenye ile picha iliyoliwa.
Miraba mitano tu, kijivu juu ya kijivu, chini ya sikio.
Mimi nilikuwa nimeihesabu ukungu.

Nikashika nukta ya ncha, nikaiteremsha.
"Bado."
Nikaiteremsha.
"Bado. Hapo. Hapana, rudi kidogo,
hakuisukuma, ilimponyoka."
Kusukuma na kuponyoka: huo ni mkono mmoja wa nukta,
upana wa unywele.
Nilijaribu mara tisa.
Ya kumi hakusema kitu,
na mimi sikugeuka kumwangalia.

Nilimtoza elfu kumi na tano, pembe sikuitoza.
"Ndaga," alisema, na ndilo jina la mtindi wao pia,
kwa hiyo sijui alinishukuru
au alinikumbusha maandishi yakae wapi.

Wiki iliyofuata, kwenye ngazi, ukungu umeshuka,
fundi rangi alinipigia simu:
"Bosi, pembe hii ya kushoto imekosewa.
Peke yake ina mita moja na nusu, itaonekana mpaka Kasumulu.
Niinyooshe?"

Usiiguse, nikasema.
Ifuate ilivyokwenda.