Nakala Tatu

Kila mwezi wa pili, basari ikitangazwa,
foleni huanzia mlangoni kwa karani wa wadi,
ikapinda kwa kinyozi, ikaishia kwangu:
meza moja, mashine moja ya kunakili,
na kibao nilichokiandika kwa kalamu nene,
NAKALA SHILINGI KUMI. MKOPO KASAFIRI.

Karani anataka nakala tatu za kila kitu.
Tatu za kitambulisho cha mzazi,
tatu za barua ya chuo,
tatu za cheti cha kifo, kwa mwenye nacho.
Nalaza karatasi kifudifudi juu ya kioo,
taa inapita chini yake
kama mtu anayetafuta kitu uvunguni,
na hivyo ndivyo nilivyoijua Malindi.
Najua babake Kahindi wa Muyeye alikufa saa ngapi.
Najua Mwanaisha wa Shella ana B ya fizikia
na mama anayesaini kwa dole gumba.
Najua kijana wa duka la vipuri naye yumo foleni,
viatu vipya, macho kwenye simu.
Sisemi.

Ukurasa wa pili una swali:
Eleza kwa nini unastahili kusaidiwa.
Mistari minne.
Hapo kalamu hukwama.
"Niandikie wewe, dada, wewe una maneno."
Mama Dhahabu, anayekaanga viazi karai pale stendi,
alikuja kwa ajili ya mwanawe anayetaka uuguzi.
Akaniambia: andika kwamba tumechoka.
Nikaandika: familia inapitia changamoto za kiuchumi.
Akaomba nimsomee.
Akanyamaza kidogo.
"Ndio sisi hao?"

Nimewaandikia watu sitini na watatu.
Shida zao zote nimezivisha sare moja,
zikapangwa mstari, zikanyamaza.
Yangu ilibaki tupu hadi siku ya mwisho,
saa kumi na moja kasorobo, karani keshashika kufuli.
Barua yangu ya chuo ina miaka miwili,
imekunjwa na kukunjuliwa hadi imekatika mikunjoni.
Nikajaza mstari mmoja, mitatu nikaiacha:
Nataka kusoma uhasibu, nijue pesa hizi hugawanywaje.

Orodha ilibandikwa mwezi wa tano.
Watu waliisoma kwa vidole.
Kahindi, elfu tano.
Kijana wa vipuri, elfu kumi.
Mwanaisha, hayumo; alianza tena juu, akashuka tena, hayumo.
Mwana wa Mama Dhahabu, elfu nne,
na mama akapiga kigelegele kimoja, kifupi,
kisha akauliza karo ni ngapi, kama aliyesahau.
Na chini kabisa, namba mia moja na nane:
NYAVU KARISA MWENI, shilingi elfu sita.

Nyavu! Mimi ni Nyevu.
Karani alicheka, akaniomba radhi,
akasema chuo hakipokei hundi ya jina jingine,
nenda kwa wakili ukaape.
Kiapo ni mia tano.
Basi nikainua mkono wa kulia,
wino wa mashine bado uko kwenye kucha,
nikaapa kwamba Nyevu na Nyavu ni mtu mmoja,
kwamba aliyeomba ndiye aliyepewa,
na kwamba haya ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu.
Wakili akagonga muhuri bila kunitazama.
Elfu sita, toa mia tano.
Karo ya muhula elfu ishirini na nane.
Hesabu hiyo siendi kufunzwa, ninayo.
Hata hivyo nilirudi pale ukutani usiku,
nikamulika kwa simu,
nikalisoma lile jina lililopinda
mara mbili, tatu.

Leo asubuhi Mwanaisha amekuja.
Hakuuliza bei.
Amelaza cheti chake juu ya kioo, kifudifudi, mwenyewe.
"Kuna fomu ya rufaa," akasema. "Nakala tatu.
Na ile sehemu ya mistari minne, usiniandikie.
Nipe kalamu tu."
Nikampa.
Nikakigeuza kibao kikatazama ukuta.