Sindano ya Urho

Bibi Hilja hawashi redio asubuhi.
Hugonga kioo kwa ukucha, mara mbili,
kioo cha kipimahewa alichokiacha Urho
ukutani, kati ya kalenda ya duka la mbolea
na msumari usiotundikwa kitu.
Sindano ikipanda, hukaa akanywa kahawa.
Ikishuka, kahawa hupoa mezani.

Alhamisi ilishuka.
Ilishuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani,
akipapasa kila kidato kwa unyayo.
Dalili ya mvua ni mawingu,
lakini mawingu hayakuwapo bado,
ila upepo wa kusini, vuguvugu, wenye harufu ya misonobari,
na mbayuwayu wakilikwangua ziwa kwa matumbo.
"Vaa buti," akaniambia. "Maswali tutayakuta majini."

Pielinen lilikuwa na rangi ya sufuria kuukuu.
Tulitia nanga karibu na mwamba wa Kuikka,
mita sita kwenda chini, na kabla sijaketi
mshipi wangu ukavutwa.
Kuha: binamu wa sangara, mwembamba zaidi,
macho yake bilauri iliyoingia moshi.
Kisha mwingine. Kisha wa Bibi, kisha wawili pamoja,
mishipi ikasukana, tukacheka, tukatukana.
Chini kule walikuwa na vunjajungu lao,
wanakula kama waliotangaziwa mwezi umeandama.
Kumi na mmoja kwa saa moja.
Wa mwisho alikuwa na dagaa mzima kooni
na bado alitaka chambo changu.

Wapo wasemao ni kibofu cha hewa
kinachofura ndani yao uzito wa mbingu ukipungua.
Wapo wasemao ni mwanga, au mawimbi, au wadudu.
Mwalimu Tarmo ana daftari la miaka ishirini
na hajakubaliana nalo.
Bibi husema: kamuulize kuha.

Halafu ukingo ukafika.
Niliuona ukivuka kutoka magharibi,
huku hewa ya jana, kule hewa ya Aktiki,
na mshono kati yao mweusi, umeshonwa ovyo.
Upepo uligeuka kwa pumzi moja.
Bibi, mwenye miaka sabini na minne, alivuta nanga
kama anayeng'oa muhogo.
Mvua ilitufikia gatini, ikatupiga migongoni.

Ijumaa, mbingu ya buluu isiyo na doa.
Wageni wa Helsinki katika kibanda cha jirani
walitoka na kofia zao: "Siku nzuri iliyoje!"
Walivua mpaka adhuhuri. Walibadili chambo, walibadili upande,
walibadili sauti ya kuongea na watoto wao.
Ndoo ilirudi na maji yale yale.
"Wamehama?" akauliza mtoto wa kike.
"Wapo," Bibi akajibu. "Wamejiinamia."
Akaonyesha kwa kiganja: chini, chini kabisa,
tumbo kwenye tope, chakula kinapita puani
na mdomo haufunguki.

Jioni, akiparua magamba, alisema bila kuniangalia:
"Usiku ule wa Februari babu yako aliomba viazi mara ya tatu.
Nikafurahi. Nikasema, amepona huyu."
Kisu kiliendelea. Magamba yalimrukia nyusi.
"Sindano ilikuwa imesimama wima. Haikuniambia kitu."
Sikupata la kusema. Nikashika chumvi.

Jumamosi, hakuna.

Jumapili wingu jembamba lilitanda, la maziwa,
na baridi ikalegeza vidole vyake.
Hatukuwa na matumaini, tulikuwa na minyoo tu.
Saa nzima mashua ilizunguka kamba yake.
Bibi alikuwa amesinzia, au amejifanya,
mshipi umelazwa juu ya kidole cha shahada,
kitu kilipougusa kutoka chini.
Mara mbili, kwa wepesi,
kama ukucha kwenye kioo.
Niliona jicho lake moja likifunguka.
Hakuvuta.
Alisubiri hodi ya tatu.