Mabano

Miaka kumi na tisa nimeyaandika maneno yake,
Mheshimiwa Ezbon Amuhaya,
mbunge wa kule juu kwenye majani chai.
Mezani petu pembeni, chini ya kiti cha Spika,
zamu ya dakika tano tano,
halafu mbio ngazini kuyapiga taipu kabla hayajapoa.

Alikuja na Biblia yenye zipu na suti ya rangi ya udongo.
Siku ya kiapo alilitaja jina la Mungu mara mbili.
Kanuni zinataka mara moja.
Niliandika zote mbili.

Msinielewe vibaya. Sauti alikuwa nayo.
Alilinyamazisha Bunge kwa kusafisha koo tu;
watoto wa shule, juu kwenye roshani ya wageni,
waliacha kutafuna peremende.
Alipoyapinga magari mapya ya mawaziri
hata mimi nilimpigia makofi, moyoni,
kwa kuwa mikono ilikuwa ya serikali.

Kazi yangu ina mabano matatu:
(Makofi). (Kicheko). (Kelele).
Aibu haikupewa mabano.

Mwaka ule alifika mwenzake wa Marekani,
mbunge wa mrengo wa kulia, tai nyekundu,
meno kama vigae vya bafu jipya.
Wakala kifungua kinywa cha maombi hotelini Westlands:
viazi, soseji, zaburi.
Wiki iliyofuata Amuhaya akasimama na karatasi nzito, nyeupe mno,
akasoma juu ya familia, juu ya serikali kujua mipaka yake,
kisha, bila kumeza mate:
"Babu zetu walioivuka bahari ile ya baridi
ili wapate kumwabudu Mungu kwa uhuru…"

Naibu Spika wa Muda akajishika mdomo.
Mtu wa viti vya nyuma akauliza:
bahari gani, Mheshimiwa, Mto Yala?

(Kicheko).

Jioni alishuka hadi chumbani kwetu,
zipu ikifunguka, ikifungwa.
"Mama wa kalamu, niondolee yale mabano."
Nikamwambia twaruhusiwa kunyoosha sarufi,
babu hatuwagusi.
Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka nje ya zamu.
Akaniachia pakiti ya majani chai ya kwao.
Niliyanywa. Niandike na hilo.

Kesi ya Milimani ilipokuja,
ya matunzo ya mtoto aliyemkana,
magazeti yalifurika.
Ukumbini hakuna aliyeitamka,
na mimi siandiki kisichotamkwa.

Lakini Jumanne ile niliiandika.
Oktoba, mvua, jakaranda zikioza Barabara ya Bunge,
Mswada wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua.
Alizungumza dakika kumi na mbili. Zilikuwa zamu mbili na kipande;
ya mwisho ilikuwa yangu:
"Chungu kilichopasuka, Bwana Spika, hakirudishwi jikoni."
(Makofi).
Walio wa La wakashinda kwa kura nne.

Sasa hayupo. Aliangushwa na kijana aliyefanya kampeni kwa pikipiki.
Nasikia anafuga nyuki.

Mwezi uliopita mwanamke aliingia maktaba,
viatu vya Gikomba vilivyong'arishwa hadi vikasahau walikotoka,
vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta.
Aliijua tarehe. Aliijua na saa.
Nikampa juzuu, nikamwonyesha mashine ya nakala,
shilingi kumi ukurasa.
"La," akasema. "Nitaandika kwa mkono."

Alikaa mpaka chai ya saa nne ikapita,
wino wa buluu, herufi za duara, kama za ubaoni.
Akanakili chungu. Akanakili jikoni.
Alipofika kwenye makofi akainua macho:

"Haya mabano, nani huyaweka?"

"Mimi."

Akaitazama mikono yangu, mmoja, kisha wa pili.
Akainama, akafungua mabano,
akaandika neno, polepole, bila kuruka herufi,
akayafunga.