Risiti

Risiti bado imo kwenye droo ya vijiko.
Heini aliiweka pale makusudi,
kila nikikoroga kahawa niisome:
euro elfu moja mia nane na tisini
kwa kadi moja ya grafiki,
nzito kama mkate mweusi wa mama mkwe,
feni tatu, na vitaa vya rangi
ambavyo hakuna aliyeviomba.

Hapa Kemi, Desemba, jua huzama
kabla watu wa shifti hawajamaliza kula cha mchana.
Mimi nachunga mashine ya kukaushia karatasi,
saa nane za mvuke na mngurumo,
kisha natoka na kulikuta giza lile lile nililoliacha mlangoni.
Mtu wa giza hili akinunua mwanga,
anaulizwa bei?
Heini aliuliza bei.

Kadi ilipofika haikuenea.
Nikakata kasha la kompyuta kwa msumeno wa chuma.
Ikaingia. Nikabonyeza. Kimya.
Tarmo wa dukani akaniambia kwenye simu, kwa upole wa daktari,
"Pawa saplai yako ndogo, haitaishibisha."
Nikanunua nyingine.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo;
mgeni huyu alikuja, na mwenyeji
akaanza kula uji wa shayiri asubuhi na jioni.

Lakini usiku ule wa kwanza!
Mvua ya ndani ya gemu iliteleza juu ya koti langu la ngozi
tone kwa tone, kila tone limemeza taa ya barabarani.
Nilisimama kwenye daraja la mji usiokuwapo
nikitazama dimbwi.
Ndani ya dimbwi, dirisha; ndani ya dirisha,
mwanamke anafunga pazia,
mtu ambaye vita vyetu havimhitaji kabisa.
Nikapigwa risasi ya kisogo.

Aliyenipiga ni Oiva, mtoto wa dada yangu,
miaka kumi na mmoja, yuko kwao Rovaniemi,
anatumia kadi yangu ya zamani
niliyompa imeviringishwa gazetini,
feni moja, nayo inakohoa.
Kwake miti ni maboksi ya kijani,
mvua ni mistari,
na mimi, amenieleza bila kunionea haya,
ni kiraka cha kahawia chenye bunduki.
"Mjomba, mbona unasimamasimama?"

Risiti, risasi:
zote mbili zilinipata nimeduwaa.

Wiki ya tatu ndipo nikagundua la kuchekesha.
Skrini yangu, ya mwaka tuliooana,
huonyesha fremu sitini kwa sekunde, basi.
Kadi inazaa mia mbili.
Mia moja na arobaini, kila sekunde,
huzaliwa na kufa bila jicho kuziona,
kama zile kingo za karatasi tunazozikata kiwandani
na kuzirudisha kwenye rojo.
Nimemfunga fahali jembe
alime chungu cha maua.
Skrini mpya? Nilifungua mdomo mezani.
Heini akafungua droo.

Basi wenzangu wa shifti wananiuliza: inafaa?
Kizuri chajiuza, nawaambia,
ila hakisemi kitakula nini kikishafika.
Ukitaka kushinda, kamuulize Oiva.
Wanacheka, wanauliza tena,
nami najifanya mashine imeita.

Maana jana Heini, ambaye hajawahi kugusa gemu,
alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake.
"Rudi kwenye lile daraja," akasema.
"Huyo mwanamke hufunga pazia kila siku?"
"Kila siku."
"Na hujawahi kumsubiri afungue?"

Akavuta kigoda.
Tukasubiri, feni tatu zikitupulizia joto miguuni,
nje nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri,
dimbwi likitetemeka kwa kila tone.
Pazia likatikisika kidogo, au tuliona hivyo.

Ndipo Oiva akatokea mbio kutoka kwenye maboksi yake
akatuua wote wawili.