Macho Hayana Pazia

Kaskazini mwa Ureno, Januari, mvua inatwanga vigae.
Dona Deolinda amenikalisha jikoni, karibu na jiko la kuni.
Nina dodoso la kurasa kumi na nne, penseli mbili,
na amri moja ya mkuu wa utafiti:
usijue nani mgonjwa, nani mzima.
Waulize wote kwa sauti ile ile.

Mwaka sabini na moja ulifanya kazi gani?
"Kupaka gundi. Soli za viatu vya kiume."
Saa ngapi kwa siku?
"Mpaka king'ora kilie."
Dirisha lilikuwa wazi?
"Lilipigiliwa misumari, gundi isigande kwa baridi."
Ilinukaje?
Anacheka. "Tamu. Kama peremende iliyosahaulika mfukoni.
Jioni tulitoka tukiyumba, tukiimba,
padri akadhani tumelewa."

Kopo moja mlimaliza kwa siku ngapi?
Hakumbuki.
Nina visanduku vinne: hakuna, kidogo, wastani, nyingi,
na nusu karne ya kushindilia humo.
Hewa ile hakuipima mtu. Kiwanda sasa ni duka la magodoro.

Basi namwomba anionyeshe.
Anakoroga unga na maji bakulini,
anachukua brashi ya kupakia mayai juu ya mkate,
na kiatu cha marehemu mumewe.
Mkono unaondoka wenyewe: ukingo, kisigino, ukingo,
uso ukishuka mpaka shibiri moja juu ya soli,
mdomo ukipuliza ili ikauke upesi.
Natazama saa. Sekunde kumi na moja.
Anageuza, anarudia. Kumi na moja.
Naandika: pua na gundi, shibiri moja.
Kichwa kimesahau, shingo haijasahau.

Alipoinama, kitambaa kiliteleza kichwani.
Akakirudisha haraka.
Mimi nilikuwa nimeinamia karatasi,
lakini macho hayana pazia.

Nikauliza swali lililofuata kwa sauti ile ile,
neno kwa neno,
kama nitakavyomuuliza kesho Senhor Eurico,
mfuga njiwa wa ng'ambo ya mto.
Ile ile. Au karibu na ile.

"Nimejibu vizuri?"
Kanuni inaniruhusu kusema ahsante tu.
Nasema ahsante.

Ndani ya gari najaza ukurasa wa mwisho, wa mhoji:
Je, ulitambua hali ya mhojiwa?
Kioo kimejaa ukungu wa pumzi yangu.
Naweka alama. Ndiyo.