Mwenza Mpya wa Behewa la Tisa

Alhamisi, saa tatu kasorobo, nasimamisha cherehani.
Uzi nauacha ukining'inia kwenye sindano,
maana huu mwaka wa kumi na tisa
barazani kwangu, Majengo, nyuma ya soko,
hapashonwi kitu Behewa la Tisa likiwa hewani.

Mnalijua: behewa lililong'oka relini usiku mmoja
kati ya Saranda na Manyoni, likapaa,
na Kondakta ndani yake, asiyezeeka, asiyekata tiketi,
na kila baada ya misimu kadhaa mwenza mpya
wa kumuuliza yale ambayo sisi tungeuliza.

Wa mwisho alikuwa Tumsifu. Miaka minane.
Alituzoesha kikohozi chake kabla ya jambo la hatari.
Mwezi wa tano akateremka kituo kisicho na kibao,
akasema, "Nendeni tu," mlango ukafungwa,
na Yoeli fundi baiskeli akabaki na spoku mkononi
mpaka taarifa ya habari ikaisha.
Wiki nzima alitoza watu nusu bei. Hakusema kwa nini.

Leo sasa, huyu.
Kwanza tulisikia ndoo. Ndoo tupu, ikigonga ngazi ya behewa.
Kisha sauti ya msichana:
"Habali za humu ndani? Naitwa Nyemo. Natoka Chipanga."

Habali.

Sajenti Ndahani, mstaafu, ndiye aliyelipuka.
"Wanatucheka! Wenza wametoka Tanga, wametoka Moshi,
mmoja katoka sayari ya barafu, wote
wanatamka kama watangazaji.
Zamu yetu inafika, wanatuletea habali na ndoo!
Kimebaki kibakuli cha kuombea!"
Yoeli akasema hata angekuja malaika, si Tumsifu.
Mtu mmoja nyuma, simjui, alikuja kuchaji simu,
akasema, ah, sauti tamu lakini.
Akatazamwa mpaka akanyamaza.

Damari alikuwa anafunga mlenda mkavu kwenye gazeti,
fungu kwa fungu.
"Mimi ndivyo ninavyosema," alisema. "Habali.
Miaka hamsini na mbili nasema hivyo,
na mlenda wangu mnanunua."
Hakuinua macho.

Tukagombana hadi nusu ya kipindi ikatupita.
Tulipotulia, behewa lilikuwa limekwama
kando ya jua linalozimika,
Kondakta kimya, mara ya kwanza hana jibu,
na watu wa jua lile, warefu, wasio na nyuso,
wamezingira milango.
Tumsifu angekohoa.
Nyemo akafungua. Akasema, "Mbukwenyi,"
akauliza kama wana maji.
Hakuuliza wao ni nani, wala wanataka nini. Maji.
Tukasikia kitu kikimiminwa polepole,
muda mrefu, bila muziki.

Sisi tunaoijua Oktoba ya hapa,
foleni ya madumu kabla ya adhana,
tuliisikiliza ndoo ile ikijaa,
mlio wake ukipanda, ukipanda,
mpaka karibu na ukingo.

Sajenti akasema lafudhi ni mbaya.
Alisema hivyo akiwa amesimama, mkono juu,
ameshika waya wa antena sauti isipotee.

Niseme na langu: mimi bado namtaka Tumsifu.
Nilimshonea kofia, ile ya pembe tatu waliyotuambia anavaa.
Iko kwenye droo chini ya vifungo.
Mke wangu anadhani ni ya mteja asiyerudi.

Kipindi kilipoisha, Perisi wa chuo,
anayeandika kila sehemu kwenye kaunta buku
(hilo ni la kumi na moja),
alifungua ukurasa wa wenza.
Majina sita, wino wa bluu.
La saba akaliandika kwa penseli.
Nikamuuliza. Akasema wino ungoje kidogo,
mvua zinyeshe kwanza.