Kimya cha Aina Mbili

Mwaka wa nzige. Gereji ya Kartar Singh, River Road.
Gari la daktari wa meno limerudi likivutwa na maksai
kutoka Kikuyu, usiku kucha, mvuani.
Dainamo ilikufa njiani bila kuaga.
Taa za mbele zikafifia kama macho ya mtu anayesinzia,
injini ikakohoa mara mbili, basi.
Betri ilikuwa imetafunwa hadi mfupa
na Mutinda, aliyeshika usukani, hakuambiwa na mtu.

Nani amwambie?
Umeme hauvuji kama oili, haulii kama beringi,
hauna harufu mpaka uunguze.
Ni mgeni aondokaye usiku
nawe asubuhi unamwandalia chai.

Nikasema: Kartar, nipe jioni tatu.
Akasema: jioni zako, mishumaa yako.

Nikachora kwa chaki sakafuni, kati ya madoa ya grisi:
huku betri, huku dainamo,
katikati globu ya baiskeli, volti sita,
na mbele ya globu kipande cha bangili nyekundu
iliyomvunjikia mke wa Kartar akikanda unga.
Dainamo ikiwa nzima, pande mbili zinasukumana sawasawa
kama wanaume wawili waliokwama mlango mmoja:
hapiti mtu, globu inazimika.
Dainamo ikilegea, betri inapenya,
bangili inawaka.

Kwa hiyo giza ndiyo salama, mwanga ndio msiba.
Nilicheka peke yangu.
Padri wa Machakos alinifundisha kinyume chake
kwa kiboko.

Usiku wa pili usingizi ulikataa.
Na globu yenyewe ikiungua?
Kijitaa kitanyamaza, Mutinda atashukuru Mungu,
atateremka bondeni akipiga mluzi.
Kimya cha mzima, kimya cha maiti:
ukiwa nje ya mlango
ni kimya kilekile.

Usiku wa tatu nikaufungua waya wote, nikaupitisha kwenye swichi,
ili kila ufunguo ukigeuzwa, injini haijaamka bado,
kijitaa kiwake kwanza, kiseme nipo,
ndipo kizimike.
Asiyeitikia salamu asubuhi
usimtarajie jioni kupiga yowe.

Kartar aligeuza ufunguo mara tisa. Hakusema neno.
Akachukua mshumaa wake, akaukata nusu,
akanisukumia kipande kirefu.

Wiki mbili hazijaisha, daktari ananung'unika:
eti jicho jekundu linamkodolea mbele ya wageni,
eti tangu Jumatano halifumbi,
eti gari linakwenda vizuri tu.
Nikamwambia alilete. Akasema ana miadi.

Jumamosi, kengele za maksai tena.
Mutinda yuko nyuma, viatu mkononi, haniangalii.
Daktari kapanda gari la mwenzake, keshafika kwake, keshaoga.

Naingiza kichwa. Pale kwenye dashibodi,
juu ya bangili ya mama wa watu,
kuna plasta. Ile ya vidonda, imekatwa vizuri kwa mkasi.

Wahenga walituonya kuhusu la mkuu na guu.
La mdogo, la ukubwa wa punje ya mtama,
sikumbuki walisema nini.

Betri imekauka, kijitaa kimekwisha kufa.
Naibandua plasta kwa ukucha, taratibu,
naigeuza nione upande wa ndani:
duara dogo limeungua,
rangi ya chai ya rangi.